Breki za tuktuk Kisii na Nyamira: Rahisi ya dukani, ghali ya mteremkoni

Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza kudondoka mjini Kisii tulipoteremka kutoka Nyanchwa. Tulikuwa abiria watatu kiti cha nyuma, na mkungu wa ndizi miguuni petu. Lori lililokuwa mbele likasimama ghafla. Dereva akakanyaga pedali ya breki, ikazama hadi karibu na sakafu. Akakanyaga tena, ikashika kidogo. Akakanyaga mara ya tatu, ndipo tuktuk iliposimama, hatua chache tu nyuma ya lori. Mama mwenye mkungu akamwita dereva “kijana wangu” na kumuuliza iwapo breki zake ni nzima. Kijana akamjibu kwa adabu kwamba mama asiwe na wasiwasi. Breki zipo, ila zinataka kupampiwa.

Jibu lile lilinikaa moyoni. Kijana hakuwa anadanganya. Alikuwa amezoea. Alikuwa ameshajifunza kuishi na breki ya makanyago matatu kama mtu anavyoishi na jino bovu, akitafunia upande wa pili na kungoja siku ya pesa. Nilipoteremka nilimuuliza kwa nini hajazitengeneza. Akanieleza kuwa ameambiwa anahitaji masta silinda mpya, na kwamba pesa za masta silinda hana. Kila jioni kuna hesabu ya mwenye tuktuk, na hesabu haingoji.

Siku chache baadaye tulikutana naye kwa fundi, katika kibanda cha mabati upande wa Daraja Mbili. Fundi huyo ni mzee ambaye vijana wote wanamwita mogaka, kwa heshima ya Kigusii. Alimwitikia kijana salamu yake ya bwakire, akapiga magoti kwenye kipande cha katoni, akachungulia ukuta wa ndani wa tairi la nyuma kushoto, akapitisha kidole. Kidole kikatoka na unyevu. Hakugusa masta silinda hata kidogo. Kilichokuwa kimekufa ni raba mbili ndogo ndani ya silinda ya gurudumu lile, kila moja inaenea kwenye ncha ya kidole.

Makala haya ni juu ya umbali uliopo kati ya masta silinda aliyoihofia kijana na raba mbili alizozihitaji. Katika umbali huo ndimo pesa nyingi za madereva wa Kisii na Nyamira zinamopotelea, na ndimo hatari inamojificha.

Milima mikubwa, gurudumu dogo

Anayetaka kuelewa kwa nini breki huisha haraka huku kwetu na aanze kwa kuangalia ardhi. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za juu za Nyamira zinafika mita 2,000. Kati ya hapo na pale kuna ukingo wa Manga, mabonde, vijito na barabara zinazopanda na kushuka kama kamba iliyotupwa chini. Mvua inapita milimita 1,500 kwa mwaka. Hiyo ndiyo neema ya chai ya Kebirigo na Nyansiongo, na ya ndizi zinazojaza soko la Daraja Mbili. Lakini ndiyo pia inayoingiza tope jekundu la murram ndani ya dramu za breki.

Watu nao ni wengi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Mahali palipojaa watu namna hii, safari nyingi ni fupi: nyumbani hadi sokoni, sokoni hadi hospitali, steji hadi shuleni. Tuktuk iliumbwa kwa safari kama hizo. Lakini safari fupi ni safari ya kusimama kila mara, na kusimama ni kazi ya breki.

Chombo chenyewe kina asili yake. Kampuni ya Piaggio ya Italia ilitoa gari lake la magurudumu matatu mwaka 1948 na kuliita Ape, yaani nyuki, ndugu mdogo wa pikipiki ya Vespa, yaani nyigu. Bajaj ya India ilianza baadaye kuunda magari ya aina hiyo kwa leseni, na hadi leo jirani zetu wa Tanzania hawasemi tuktuk, wanasema bajaji. Barabarani kwetu utaziona Bajaj RE, TVS King na Piaggio Ape, pamoja na zile za Kichina za kubebea mizigo.

Tazama tairi la tuktuk ya abiria. Utasoma namba 4.00-8. Ile 8 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Ringi ikiwa ndogo hivyo, dramu iliyomo ndani yake ni ndogo zaidi, na shu zinazosugua dramu hiyo ni nyembamba. Sasa piga hesabu. Tuktuk tupu ina takriban kilo 350. Mpandishe dereva, abiria watatu na mkungu wa ndizi, unakaribia kilo 650. Uzito huo ukiteremka mita 100 za kimo kwa kushikiliwa na breki peke yake, joto linalozaliwa linatosha kuchemsha lita 2 za maji baridi. Hiyo ni sufuria ya chai ya nyumba nzima, imetokota ndani ya dramu tatu ndogo, katika mteremko mmoja. Na kwa siku dereva ana miteremko mingapi?

Joto hilo lina kazi tatu mbaya. Linaipanua dramu hadi inajitenga na shu, hivyo pedali inashuka. Linaikausha lainingi hadi inakuwa laini kama kioo, hivyo inateleza badala ya kushika. Na fluidi ya breki ikiwa imezeeka, joto linaichemsha na kuifanya mvuke. Fluidi haibanwi ndiyo maana inasukuma breki, lakini mvuke unabanwa, na mguu wa dereva unajikuta unakanyaga hewa.

Kujua kilichokufa

Breki ya tuktuk ya abiria si mashine ya ajabu. Pedali inasukuma masta silinda. Masta silinda inasukuma fluidi ndani ya mabomba membamba. Fluidi inafika kwenye silinda ndogo ya kila gurudumu, na silinda hiyo inazipanua shu mbili zisugue dramu kwa ndani. Hendibreki ina waya wake unaovuta magurudumu ya nyuma. Basi. Kila kimoja katika mnyororo huo kina bei yake na kina namna yake ya kulia kinapougua.

Mogaka alimfundisha kijana, nami nikiwa nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaandika.

Pedali ikizama mara ya kwanza na kupanda ukiipampu, mara nyingi kuna hewa ndani ya mfumo au shu ziko mbali na dramu. Dawa ya kwanza ni kurekebisha shu zisogee na kutoa hewa. Hapo hununui kitu isipokuwa fluidi. Lakini uliza hewa iliingilia wapi, kwa sababu hewa haiingii mahali pasipo na tundu.

Pedali ikishika vizuri kisha izame polepole huku mguu bado uko juu yake, tazama mavujo kwanza. Usipoyaona popote, basi raba za masta silinda zimechoka na fluidi inarudi nyuma kwa ndani. Hapo ndipo masta silinda inapostahili kutajwa.

Tuktuk ikivuta upande mmoja ukifunga breki, upande mmoja unashika na mwingine haushiki. Angalia kama lainingi ya upande dhaifu imelowa fluidi, au grisi iliyopenya kwenye sili ya ekseli.

Pedali ikiwa ngumu kama jiwe na chombo hakisimami, lainingi imegeuka kioo au ni ya ubora duni. Ukisikia chuma kinakwaruza chuma, lainingi imekwisha na sasa unakula dramu. Hendibreki ikipanda juu kabisa bila kushika, waya umelegea au shu za nyuma zimekwisha.

Kijana wetu hakuwahi kuambiwa mambo haya. Aliambiwa jina la spea moja ya bei ghali, akakata tamaa, akaendelea kupampu. Raba zilizovuja zililowesha shu za upande wa kushoto. Shu zilizolowa fluidi hazifai tena hata zikioshwa, na shu hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, la sivyo chombo kitavuta upande. Kwa hiyo orodha yake ikawa hii: raba za silinda mbili za nyuma, seti ya shu za nyuma, chupa moja ya fluidi, na ufundi. Masta silinda ilibaki mahali pake. Angekuja wiki ile aliyoona unyevu wa kwanza kwenye tairi, shu nazo zingepona. Wahenga walishasema juu ya ufa na ukuta, na breki ndiyo nyumba yenye nyufa za bei nafuu kuliko zote.

Pa kuokoa pesa, na pasipookolewa

Neno nafuu lina maana nzuri, na dereva anayelitafuta hatendi dhambi. Zipo sehemu ambazo fundi mwaminifu anaweza kukuokolea pesa bila kugusa usalama wako.

Silinda ya gurudumu si lazima inunuliwe nzima. Ikifunguliwa na kuonekana ndani imebaki nyororo, raba mpya zinatosha. Lakini ikiwa na kutu na vishimo, raba mpya zitakatika baada ya siku chache, na hapo ununue silinda yote.

Dramu iliyochimbika mifereji inaweza kuchongwa kwenye lethi ikawa sawa, mradi kipenyo chake kisipite kiwango cha mwisho, ambacho mara nyingi huandikwa kwenye dramu yenyewe. Dramu iliyochongwa kupita kiasi ni nyembamba, haihimili joto, na shu haziifikii vizuri. Dramu yenye ufa haina mjadala, inatupwa.

Shu za chuma nazo zinaweza kuvishwa lainingi mpya. Kazi hiyo ipo katika jua kali nyingi, na hasa wenye tuktuk za mizigo wanaifahamu. Inafaa ikiwa chuma cha shu hakijapinda, lainingi ni ya breki kwa hakika, na imeshikwa sawasawa, iwe kwa gundi ya moto au kwa riveti zilizozama ndani. Lainingi iliyobanduka barabarani hujikunja ndani ya dramu na kulifunga gurudumu ghafla.

Dramu ya mtumba kutoka tuktuk iliyoharibika, bati la kushikilia shu, na pedali yenyewe, vinaweza kununuliwa vikipimwa kwanza.

Sasa zile sehemu zisizookolewa. Usinunue shu za mtumba zenye lainingi ya mtu mwingine, kwa maana hujui zilikunywa mafuta gani. Usikate mpira wa tyubu kutengeneza raba. Usizibe bomba linalovuja kwa gundi au kwa kulifunga kwa mpira. Mabomba ya mpira yaliyopasuka ngozi hubadilishwa.

Na usiweke kitu kingine chochote mahali pa fluidi ya breki. Wapo wanaojazia mafuta ya injini au maji ya sabuni ili wafike nyumbani. Mafuta ya injini huzivimbisha raba za breki, na wiki moja baadaye mfumo mzima, kuanzia masta hadi gurudumu la mwisho, unahitaji raba mpya. Hivyo ndivyo mtu anavyookoa bei ya chupa moja na kulipa bei ya breki zote. Fluidi yenyewe imeandikwa DOT 3 au DOT 4, na aina ya kutumia kwa kawaida huandikwa kwenye kifuniko cha kopo lake. Fluidi mpya ya DOT 3 haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini fluidi hunywa unyevu wa hewani, na ikishalowa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Ya DOT 4 huanzia nyuzi 230 na kushuka hadi 155. Kwa hiyo ile nusu chupa iliyokaa miezi kwenye rafu ya kibanda bila kufungwa vizuri, katika hewa ya Kisii yenye mvua, imeshapoteza nguvu kabla ya kumiminwa. Nunua chupa ndogo iliyofungwa, ifunguliwe mbele yako.

Kuna jambo lingine kwa ajili ya mafundi wenyewe. Ukifungua dramu, usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa pampu. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Huwezi kujua kwa macho lainingi iliyo mkononi mwako imetengenezwa kwa nini. Lowesha vumbi kwa maji, ulifute kwa kitambaa, ukitupe. Mapafu ya fundi hayana spea.

Kununua kwa macho mawili

Ukishajua kilichokufa, nenda dukani na kile kilichokufa mkononi. Hilo ndilo shauri moja linalookoa safari nyingi kuliko yote. Shu ya Bajaj si shu ya TVS, na hata ndani ya jina moja kuna injini za zamani za mipigo miwili na mpya za mipigo minne, zenye sehemu zisizofanana. Beba shu ya zamani, pamoja na picha ya namba ya chesisi kwenye simu. Kwa tuktuk za mizigo za Kichina, ambazo majina yake hubadilika kila meli inapotia nanga Mombasa, sahau jina, pima. Dramu zake za nyuma aghalabu hutajwa kwa kipenyo, milimita 160, 180 au 220, na upana wa shu pia hupimwa. Rula ya mwanafunzi inatosha kukuepusha na spea isiyoingia.

Dukani utaoneshwa daraja tatu. Ya kwanza ni orijino, yenye chapa ya kampuni iliyounda tuktuk. Ya pili ni ya kampuni nyingine inayotengeneza spea kwa jina lake yenyewe. Hii si feki, na mara nyingi ndiyo nafuu ya kweli ikiwa kampuni hiyo inajulikana na mafundi wako wameijaribu. Ya tatu ni feki, iliyovaa jina la mtu mwingine. Ni muhimu kutenganisha ya pili na ya tatu. Anayeuza bidhaa kwa jina lake ana jina la kupoteza. Anayeiba jina hana cha kupoteza, hasara ni yako.

Angalia pakiti: herufi zilizokosewa, namba ya spea isiyokuwepo, uchapaji uliofifia. Angalia lainingi: nyufa, mapovu, pembe zinazomeguka ukizikwaruza kwa ukucha. Bidhaa zinazotoka nje zinapaswa kuwa na stika ya Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini, KEBS. Zinazotengenezwa humu nchini zina alama ya ubora yenye namba ya kibali, na namba hiyo unaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe mfupi kwenda 20023. Kuna pia Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, iliyotokana na sheria ya mwaka 2008, ambayo kazi yake ni hiyo hiyo.

Dai risiti. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia akidhurika, na mwaka 2012 ikaja Sheria ya Kulinda Watumiaji. Lakini haki hizo zinahitaji ushahidi. Ujumbe wa M-Pesa unaonesha kwamba umelipa, hauoneshi umenunua nini. Mwombe muuzaji aandike jina la spea, chapa yake na tarehe. Anayekataa kuandika chapa amekwisha kukujibu swali.

Kisha piga hesabu ya wiki, usipige ya siku. Chukua mfano, na namba hizi ni za kufundishia tu. Seti ya shu ya shilingi 600 ikidumu wiki 6, breki zako zinakula shilingi 100 kwa wiki. Seti ya shilingi 1,200 ikidumu wiki 20, zinakula shilingi 60. Ile iliyoonekana ghali kwenye kaunta ndiyo nafuu barabarani, na bado hujahesabu siku uliyopoteza kwa fundi, wala dramu iliyokwaruzwa. Ndiyo maana namshauri kila dereva aandike kwenye daftari tarehe aliyofunga shu na chapa yake. Baada ya mwaka mmoja atakuwa na elimu ambayo hakuna muuzaji atakayempa.

Dereva wa Nyamira na nauli ya spea

Dereva wa mjini Kisii ana maduka ya spea karibu naye. Aliyeko Ikonge, Magombo au Nyansiongo ana mzigo mwingine, yaani umbali. Spea isiyopatikana Nyamira mjini au Keroka inamlazimu kwenda Kisii, au kuagiza kutoka Kisumu, au kutoka Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambako maduka ya spea yamepangana pande zote mbili, na kungoja kifurushi kije na basi. Nauli na siku ya kazi iliyopotea vinaweza kupita bei ya spea yenyewe. Ndipo anaposhawishika kupampu wiki moja zaidi.

Dawa ya umbali ni umoja wa steji. Madereva kumi wenye tuktuk za aina moja wanahitaji shu zile zile, raba zile zile na fluidi ile ile. Steji ambayo tayari ina chama cha kuzikana na kukopeshana inaweza kuwa na sanduku la breki: seti chache za shu, pakiti za raba, waya wa hendibreki, chupa za fluidi ambazo hazijafunguliwa. Mtu mmoja anasafiri mara moja, ananunua kwa bei ya jumla, anachagua chapa ambayo wote wameikubali. Anayechukua analipa, sanduku linajazwa tena. Muuzaji naye akijua anauzia steji nzima, hathubutu kuipa feki, kwa sababu atapoteza wateja kumi kwa mpigo.

Umoja huo huo unaweza kuwasaidia mafundi. Kisii ina Chuo cha Kitaifa cha Ufundi, zamani Taasisi ya Teknolojia ya Gusii, na kazi ya magari ni mojawapo ya yanayofundishwa humo. Fundi aliyejifunza kibandani anaweza kufanya mtihani wa serikali wa ufundi unaosimamiwa na NITA akapata cheti. Mogaka wa Daraja Mbili ana mikono inayojua mengi. Ningependa kuona vijana wanaoshika spana pembeni yake wakiwa na mikono hiyo pamoja na karatasi inayoitambua.

Hesabu ya jioni

Hata hivyo, nimekuja kuamini kwamba bei ya spea si tatizo la kwanza. Tatizo la kwanza ni kwamba breki haina mwenyewe. Mwenye tuktuk anasema matengenezo madogo ni ya dereva, kwa kuwa ndiye anayeichosha. Dereva anasema chombo si chake, yeye ni wa hesabu tu. Injini ikifa wote wawili wanakimbia, kwa kuwa bila injini hakuna pesa. Breki ikifa nusu, tuktuk bado inaleta pesa, na hakuna anayekimbia. Abiria, ambaye hayumo katika mapatano hayo, ndiye anayeibeba hatari yote.

Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka. Kila mmoja wao alikuwa na mahali alipokuwa akienda. Sheria ya Trafiki inamtaka mwenye chombo na anayekiendesha wasikitoe barabarani kikiwa kibovu, na leseni ya daraja la A3 inamweka dereva wa magurudumu matatu pamoja na wa bodaboda. Lakini sheria humkuta mtu barabarani. Mapatano yanapaswa kumkuta kabla hajatoka nyumbani.

Kwa hiyo mwenye tuktuk na dereva wake na waketi siku moja wakubaliane juu ya pesa ya breki. Shilingi 30 kwa siku ikitengwa kutoka kwenye hesabu, kwa siku 26 za kazi ni shilingi 780 kwa mwezi, na si ya mwenye chombo wala si ya dereva, ni ya chombo. Ikae kwenye laini yake au kwa mweka hazina wa steji. Fundi akisema raba zimevuja, pesa ipo, na hakuna anayepampu akingoja mwisho wa mwezi.

Dereva naye ana akiba isiyomgharimu hata senti. Ateremke kwa gia aliyopandia mlima huo, injini imsaidie kushikilia mzigo. Wanaoweka fri ili kuokoa petroli kutoka Keroka hadi Keumbu wanahamisha kazi yote kutoka kwenye injini hadi kwenye shu, na petroli kidogo waliyookoa wanailipa kwenye lainingi. Akivuka maji, akanyage breki kidogo kidogo hatua chache ili zikauke. Msimu wa mvua ndefu, dramu zifunguliwe na kuoshwa tope kabla halijawa msasa. Na lainingi ikikaribia unene wa sarafu, asingoje sauti.

Abiria pia tuna sehemu yetu. Yule mama wa mkungu wa ndizi alifanya jambo kubwa kuliko alivyodhani. Aliuliza. Alimwita dereva “kijana wangu”, akauliza kama mzazi, na nadhani swali lile ndilo lililompeleka kijana kwa fundi zaidi ya maneno yangu. Tukiuliza wengi, kila steji, kwa upole huo huo, breki mbovu itakuwa aibu kabla haijawa ajali.

Mogaka alipomaliza kutoa hewa, akianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda na kumalizia na la karibu, alimwamuru kijana apande. Akamwambia akanyage pedali, aishikilie, ahesabu hadi 30. Pedali ilishuka kidogo, ikasimama, ikakaa pale pale. Ndilo jaribio lote, halihitaji spana, na linaweza kufanywa kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza. Kijana aliinua mguu, akakanyaga tena, kana kwamba haamini. Kisha akawasha tuktuk, akaiendesha polepole hadi mwisho wa uchochoro ule wenye mteremko, na sote tukatazama. Alikanyaga mara moja.